Mpanda Farasi wa Mbali

Jumapili, 9 Aprili 2023

Leo tumeshusha mbao za mawimbi kutoka darini mwa jukwaa. Vumbi lake! Panya wamekula kona ya wimbi kubwa la mbele. Nimeziba kwa karatasi na gundi, rangi nitapaka kesho.

Mzee Kurozumi, kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo, alikuja na tumbo lake na kiti chake cha kukunja, akakaa kunitazama nikifanya kazi. Ndiyo kazi yake hiyo. Akasema mwaka huu watu wa nje wanaruhusiwa tena kuja kutazama, mara ya kwanza tangu korona, na tukiharibu basi kijiji kitalifunga jukwaa. Nani atalitengenezea paa genge la wazee wanaojikumbusha ujana? Nikamwambia hatutaharibu. Akauliza, na mpanda farasi wa mbali je? Nikasema yupo, ni Sayo, mjukuu wangu, kama mwaka jana. Akashusha pumzi. Watoto wengine wote kijijini wamekuwa milingoti.

Bila huyo mpanda farasi hakuna mchezo. Mzee Kurozumi anaingia baharini juu ya farasi wake, mtu mzima, deraya nyekundu kifuani, anapotelea nyuma ya mwamba wa kadibodi. Halafu kule nyuma kabisa anatokea yule yule, deraya ile ile, kofia ile ile — ila ni mtoto juu ya farasi wa mbao. Na watu hawaoni mtoto. Wanaona shujaa amekwenda mbali. Nimelifanya jambo hili tangu nilipoolewa hapa na bado linanisisimua. Kazi yote iko kwenye mawimbi. Safu ya mbele ni makubwa, yameachana. Ya kati madogo. Ya nyuma madogo zaidi, yamesongamana. Jicho likishakubali kwamba kule ni mbali, lenyewe linamwongezea mtoto kimo. Msimamishe Sayo huyo huyo mbele ya safu ya kwanza, utaona kibinti kilichovaa sufuria kichwani.

Jioni nilimjaribishia deraya ya mwaka jana. Imemkaa vile vile! Hata pindo sikuligusa. Nikafurahi kama mjinga, nikasema hii ni bahati. Kanae, mke wa mwanangu, alikuwa amesimama mlangoni na kapu la nguo. Alilitazama lile pindo, kisha akaenda kukunja nguo.

Jumatano, 12 Aprili

Kanae alikuwa zamu kiwandani, kwa hiyo mimi ndiye niliyemfuata Sayo shuleni. Leo walipimwa urefu na uzito. Mwalimu Ogata, yule wa afya, alinivuta pembeni karibu na makabati ya viatu.

Alisema Sayo hajaongezeka kitu tangu Aprili iliyopita. Si kwamba kaongezeka kidogo — hajaongezeka. Akauliza kama huwa anaumwa kichwa. Nikasema mara moja moja, kama mtoto yeyote. Akasema karatasi za matokeo zitatoka baada ya sikukuu za Mei, lakini hili lisingoje karatasi. "Bibi, mwambie mama yake leo. Wampeleke hospitali kubwa, msikawie."

Nikasema nitamwambia leo leo.

Kanae alirudi miguu imevimba. Nilikuwa nimepika machipukizi ya mianzi, anayapenda. Nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama chumvi imezidi.

Kesho basi.

Ijumaa, 14 Aprili

Bado. Nimepaka rangi safu ya kati. Buluu imekuwa nzito mno, nitairudia.

Jumamosi, 15 Aprili

Kanae ameanza mwenyewe! Tulikuwa tunakosha vyombo. Akasema, Mama, huoni kama Sayo hakui? Anavaa nguo za mwaka juzi. Kichwa kinamuuma, na maji anakunywa kama bata, usiku anaamka kwenda kukojoa. Amepata nafasi hospitali ya mjini tarehe ishirini na sita. Wakitaka kumlaza wamlaze.

Wamlaze! Na mchezo ni tarehe nne Mei! Moyo ulinipasuka, na naandika hapa ukweli kwa sababu hakuna atakayeusoma: haukupasuka kwa ajili ya mtoto. Ulipasuka kwa ajili ya safu yangu ya nyuma.

Hapo ndipo pa kusema aliyoyasema Mwalimu Ogata. Pengine pazuri kuliko pale nisingepata. Badala yake nikacheka, nikamwambia mimi nami nilikuwa kijiti, wenzangu wakiniita kibiriti, kisha nikarefuka ghafla darasa la saba. (Sikurefuka. Mpaka leo rafu ya juu naifikia kwa kigoda.) Nikamwambia ni damu ya upande wetu hiyo, baada ya sikukuu utampeleka, haraka ya nini.

Akafuta sahani ya mwisho. Akasema atamuuliza Yasunori.

Mwanangu huyo yuko kwenye karakana ya meli, mbali kusini, na tangu Mwaka Mpya hajatia mguu hapa. Mtoto anamjua kwa simu. Ataamuaje?

Jumapili, 16 Aprili

Nimefanya jambo baya. Naliandika ili nilione.

Yasunori alipiga asubuhi, akasema kabla hajaamua apigiwe Sayo picha, picha ya kusimama, amwone. Kanae alikuwa amekwenda dukani. Nikasema picha nitampiga mimi.

Picha ya kwanza nilimsimamisha kwenye mlango wa banda la majembe. Nikaiangalia. Kichwa chake kilikuwa chini ya komeo. Yasunori anaujua mlango ule, aliupigilia mwenyewe. Nikaifuta.

Kisha nikamwambia Sayo asogee mbele, aje kwangu, katikati ya matuta ya vitunguu. Nikachutama mpaka magoti yakalia. Simu nikaiweka chini, karibu na udongo. Majani ya vitunguu yakaficha ardhi yote iliyokuwa kati ya mtoto na banda, ungedhani amesimama pale pale mlangoni. Kichwa chake kikapita komeo. Kikakaribia mhimili wa juu! Jukwaani nimezoea kuweka umbali usiokuwepo. Leo nimeuondoa uliokuwepo. Kazi ni ile ile na mkono ni ule ule.

Sayo aliuliza kwa nini nalala kwenye matope. Nikamwambia ndivyo wapigapicha wanavyofanya.

Yasunori alijibu upesi. Kasema amekua huyu, amepita komeo, Kanae wasiwasi tu, mchezo upite kwanza. Na kesho Kanae ataipigia simu hospitali asogeze tarehe. Mpaka tarehe nane Mei.

Usiku nilifua suruali yenye matope.

Jumamosi, 22 Aprili

Mazoezi na mavazi kamili. Sayo amegonga wimbi la nyuma kwa farasi wake mara mbili, upande wa kushoto. Mara ya pili likaanguka lote, na safu ikaonekana ilivyo, vibao na misumari. Mzee Kurozumi akasema kutoka kwenye kiti chake, huyo shujaa ni kipofu nini. Watu wakacheka. Nami nikamgombeza mbele ya watu, nikamwambia tazama unakokwenda.

Akasema, "Nilitazama, Bibi. Halikuwepo."

Akaenda kunywa maji. Alikunywa chupa yangu yote ya chai ya shayiri, akaomba na ya Mzee Kurozumi.

Halikuwepo. Neno hilo limenikaa kichwani tangu mchana. Nimesogeza wimbi lile kidogo kushoto ili asiligonge tena. Ndiyo dawa niliyompa.

Jumatatu, 24 Aprili

Nimekutana na Mwalimu Ogata kwa muuza tofu. Sikuwa na pa kujificha, duka lenyewe ni upana wa mikono miwili. Akauliza mama yake alisemaje. Nikasema ameshachukua tarehe hospitali. Ni kweli! Kila neno kweli. Akanishukuru, akainama. Nami nikainama. Tofu nimeisahau dukani.

Jumamosi, 29 Aprili

Kichwa tena. Nilimlaza na kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Kanae yuko zamu. Sayo aliniuliza kama akiumwa siku ya mchezo atanyang'anywa kuwa mpanda farasi. Nikamwambia hapana. Akasema basi usimwambie Mama kwamba leo kimeuma.

Mtoto ananiomba nifiche! Amejifunza kwa nani? Nikamwambia haya, siri yetu.

Mficha maradhi — sitamalizia methali hiyo. Naijua inavyoisha.

Alhamisi, 4 Mei

Imekwisha. Na imekuwa nzuri, nzuri kuliko miaka yote. Hilo ndilo linaloniua.

Watu walijaa mpaka kwenye ngazi za hekalu, na vyakula vyao vya vijaluba na pombe yao ya mchele. Wengine kutoka mjini kabisa. Mzee Kurozumi alisahau maneno mahali fulani akajaza kwa kunguruma, wakampigia makofi. Yasunori alifika kwa basi la mchana wakati mtoto ameshapakwa poda nyeupe. Akaenda kukaa kwenye mikeka na Kanae.

Mimi nilikuwa pembeni, nyuma ya pazia, kama kawaida. Kutoka pale hakuna bahari. Kuna vibao, na kati ya safu na safu unaweza kuruka kwa hatua moja. Ngoma ikapiga ile mipigo ya mawimbi, Mzee Kurozumi akaingia nyuma ya mwamba, akabaki pale akihema kama fahali. Sayo akatokea. Watu wote wakasema aaa, pumzi moja. Wao waliona shujaa mkubwa amekwenda mbali na harudi. Mimi niliona mtoto mdogo mno ameshika shingo ya farasi wa mbao kwa mikono yote miwili, amefumba macho kwa sababu taa zinamuumiza. Tena alikuwa karibu nami. Ningenyoosha mkono ningemgusa.

Nililia. Mama mmoja wa kikundi akanipangusa, akadhani ni furaha.

Sarafu za kututuza, zimefungwa kwa karatasi, zikanyesha jukwaani. Mzee Kurozumi amesema mwakani tena, paa litatengenezwa. Yasunori alimbeba Sayo mabegani, deraya na yote, akapita naye kwa watu. Aliniambia, "Mama, nilimwona mkubwa kweli kweli." Halafu akasema, lakini ni mwepesi.

Mtoto aliyebebwa mabegani hajulikani kimo. Akalala pale pale juu, akapelekwa kitandani amelala.

Jukwaa limepona. Nilitaka hivyo na nimepata.

Ijumaa, 5 Mei

Siku ya watoto. Nyumba zote zimepandisha samaki wa vitambaa kama bendera. Tulikuwa tumekaa kula keki za mchele zilizofungwa kwa majani ya mwaloni, Yasunori akainuka, akachukua penseli ya useremala. Akamwita Sayo kwenye nguzo ya jikoni.

Nilijua. Kila mwaka siku hii baba humsimamisha mtoto kwenye nguzo na kuchora mstari. Yeye alichorwa na marehemu mume wangu pale pale. Nikasema tule kwanza, keki zitapoa. Keki zenyewe ni za baridi. Kanae akanitazama.

Sayo alivua soksi, akabana visigino. Kitabu kichwani. Yasunori akachora, akamwondoa, akatazama. Akamrudisha. Akamweka visigino sawa, akachora tena.

Mstari umekaa juu ya mstari wa mwaka jana. Nguzo haina mbele wala nyuma, haina mawimbi.

Sayo akauliza, "Baba, nimekosea?"

Akageuka, akauona mstari. Akaanza kulia bila sauti. Yasunori akapiga magoti akamwambia hujakosea, mama, hujakosea hata kidogo. Kanae aliweka birika chini polepole. Akamwambia mumewe, si wewe uliyesema picha imeonyesha amepita komeo?

Yasunori akanitazama mimi, kisha mkewe. Akasema, "Macho yangu yalinidanganya."

Alipomaliza kusema hivyo aliniomba nije bustanini nimwonyeshe vitunguu. Vitunguu! Mtu ambaye hajawahi kung'oa hata kimoja. Akaenda moja kwa moja kwenye banda, akasimama mlangoni, akaweka kiganja kwenye komeo. Akarudi kwenye matuta. Akachutama. Akainama mpaka shavu likagusa majani. Hakukawia. Ni mtoto wa jukwaa huyu, utotoni ndiye aliyekuwa mpanda farasi wa mbali, na mawimbi nilimpangia mimi.

"Ulichutama hapa," alisema. Hakuuliza.

Akainuka, goti lake lina udongo. Akasema picha ataimeza yeye, Kanae asijue, kwa sababu akijua nyumba hii itakuwa imekwisha. Sauti yake haikuwa ya hasira. Bora angenifokea.

Kisha akasema, "Mama, niambie sasa hivi. Kuna kingine unachokijua?"

Nikasema, "Hakuna."

Lilitoka lenyewe! Jepesi, kama nimeulizwa kuna mvua. Mwalimu Ogata alikuwa ulimini, na kichwa cha tarehe ishirini na tisa, na lile wimbi la kushoto. Nikavimeza vyote mbele ya mwanangu wa kumzaa.

Hospitali imefungwa mpaka Jumatatu.

Jumapili, 7 Mei

Tumeziweka mbao darini. Sikuzitazama. Kanae amepanga begi la mtoto, nguo za kulala, mswaki, hata kile kisungura chake. Anaweka, anatoa, anaweka tena. Nilitaka kumsaidia kukunja, akaniambia, Mama pumzika, umechoka na mchezo.

Nilimwangalia Sayo akicheza peke yake barazani. Kitu kilikuwa upande wake wa kulia, paka wa jirani. Alipita karibu naye na hakumwona mpaka paka alipolia. Mambo haya yamekuwa mbele yangu tangu lini? Nimempima kwa jicho kila siku, inchi kwa inchi, ili akae vizuri kwenye mawimbi. Sikumtazama.

Jumatatu, 8 Mei

Hospitalini. Naandika kwa haraka.

Daktari ni mwanamke, kijana, mpole. Alipiga picha ya mkono wa Sayo, akatuonyesha vifupa. Kasema mtoto ana miaka tisa lakini mifupa ni ya mtoto wa miaka sita. Halafu akamwambia amtazame puani, akaanza kuleta kidole kutoka pembeni taratibu, aseme akikiona. Kidole kikaja, kikaja. Sayo kimya. Kikafika karibu na shavu ndipo akasema sasa. Upande wa pili vile vile. Mimi nilikiona tangu mwanzo na nilitaka kupiga kelele, sema basi, sema.

Uso wa daktari ulibadilika kidogo tu. Akasema anataka picha ya kichwa, leo, hatutarudi nyumbani kwanza. Kuna kitu anataka kukiondolea shaka, hatakitaja mpaka akione. Akauliza maumivu ya kichwa tangu lini. Kanae akasema siku nyingi, lakini mwezi uliopita yalipungua. Hayakupungua. Yalikuwa siri yetu.

Akauliza shule haikusema chochote? Kanae akasema hapana, karatasi bado. Daktari akaandika. Kasema ingekuwa bora angemwona mapema kidogo, kisha akaona uso wa Kanae akaongeza haraka kwamba sasa mpo, hilo ndilo muhimu. Na kasema atapiga simu shuleni apate vipimo vyote.

Atapiga simu shuleni. Leo.

Wamemwingiza Sayo na kisungura chake. Tulikaa kwenye benchi la korido, Kanae na mimi, Yasunori benchi la mbele yetu. Kanae alijizuia mpaka mlango ulipofungwa. Kisha akakunjika. Akasema mimi ndiye mama yake, ninamwogesha, nimewezaje kutoona? Tarehe nilikuwa nayo mkononi, nikaisogeza mwenyewe kwa simu. Hata mnyama hafanyi hivyo.

Nikaweka mkono mgongoni mwake. Nikampigapiga kama mtoto mchanga. Nikamwambia, "Si kosa lako, Kanae."

Akainua uso. "Basi ni la nani, Mama?"

Hakunitega. Alitaka kujua kweli, kama mtu aliyepotea anavyouliza njia. Yasunori aliacha kutazama sakafu. Akanitazama, akangoja.

Nikasema naenda chooni.

Ndimo nilimo. Nimekaa juu ya kifuniko na kalamu. Nitamaliza ukurasa huu kisha nitatoka, nitasema yote, kuanzia kwenye makabati ya viatu. Nitatoka nikimaliza mstari huu. Au simu ya daktari itakuwa imeshasema —

Anagonga. Ni Kanae. Anauliza kama niko salama humu, kama aniletee maji.